Gothi Isiyo na H

Morogoro Mjini,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Kwako Severini,

Nilikuambia kwenye simu na sasa nakuandikia: simu zako sipokei tena mpaka moyo wako upoe. Kila ukipiga, kabla hujaniuliza nimekula nini, unauliza nani huyo anacheka nyuma yangu. Nafanya mazoezi na watu wawili, Seve, Salehe wa gitaa na Shamsia wa ngoma. Watu hucheka. Kwenye karatasi angalau hutasikia kicheko cha mtu, na wewe ukiandika huwa unafikiri kwanza, jambo ambalo kwenye simu limekushinda. Abuu anapita hapa na Fuso yake ya mboga kila soko la Nyandira, amekubali kuwa posta yetu.

Shikamoo nyingi kwa baba yako, Mzee Tomasi. Mguu unaendeleaje? Mwambie aache kupanda kwenye matuta na mkongojo wake, kabichi hazikimbii.

Sasa shida yangu. Unamkumbuka Grace wa Dar, yule wa Klabu ya Kaniki, aliyetualika mimi na wewe enzi za bendi yetu ya Ukungu? Anaandaa tamasha la gothi, muziki wetu ule wa huzuni na giza, mwezi wa tano na anataka kundi moja kutoka Morogoro. Nimempelekea jina la Sanda, kundi letu sisi watatu. Kuona picha akashtuka, akasema kwa sura hakuna wa kutufikia, wote tuna nyuso za watu waliofukuliwa. Lakini sura si muziki, akasema, na yeye hataki roki ngumu iliyojipaka unga. Maneno yake ni haya: “Severini akiandika kwamba hiyo ni gothi, njooni. Sikio lake naliamini.” Kwa hiyo safari yetu iko mkononi mwako. Ni ukurasa mmoja tu.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye nyimbo tatu. Redio niliyomnunulia Mzee inasoma flashi, nililetewa shukrani mwaka mzima kwa redio ile, naijua. Sikiliza zote, hasa wa tatu. Tafadhali usiishie wa pili.

La mwisho ni la kukuchekesha. Mama alinipigia akauliza siku hizi naimba muziki gani. Nikamwambia gothi. Yeye akasikia goti. Sasa ametangazia kwaya nzima kwamba binti yake anaimba muziki wa kupiga goti, na Kwaresima ndiyo hiyo inaingia. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Tangu Baba afariki sijamsikia na furaha namna ile. Bendi ilipopata habari ilicheka mpaka basi, na tangu siku hiyo herufi h tumeizika, kila mtu hapa anasema goti. Salehe akiingia mazoezini anauliza, “Leo tunapiga roki au tunapiga goti?” Nakuomba usimsahihishe Mama. Nitamweleza mwenyewe nikija Pasaka.

Wako,
Yuliana


Nyandira, Mgeta,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Yuliana,

Mzee anakushukuru kwa salamu. Mguu unaunga polepole, hasira zake zimeunga zamani. Ukungu haujaondoka tangu Jumapili na nguo hazikauki.

Flashi nimeipata. Bango lenu pia nimeliona, Abuu amelibandika kwenye mlango wa Fuso, nami nimelitazama tangu tunapakia kabichi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa hiyo jibu ninalo, na nakupa wewe kabla ya Grace. Si gothi.

Wanja si gothi. Bibi harusi hupaka wanja, na mtoto mchanga hupakwa, wala hakuna anayewaita gothi. Unga wa sembe ni ugali ambao haujapikwa. Na shuka jeupe akilivaa mtu mzima mwenye afya, anabaki mtu mzima mwenye afya ndani ya shuka. Unakumbuka tulivyokuwa tunasema: gothi haianzii usoni, inaanzia kwenye besi. Besi inatangulia, gitaa linasindikiza kwa mbali, ngoma haibadiliki, na huzuni haiombi makofi. Hawa wa roki ngumu wanataka waogopwe. Sisi tulikuwa tunaogopa. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni kubwa.

Mtazame huyo Salehe wako. Amepandisha mguu juu ya spika, kidevu juu, gitaa limekaa pajani. Mtu mwenye huzuni hapandishi mguu juu ya spika, Yuliana. Hana nguvu hizo.

Halafu kuna ule mkono. Kwenye bango kuna mkono wenye kucha nyeusi umekaa begani kwako kama umepangishwa chumba. Siulizi ni wa nani, macho ninayo. Nasema tu kwamba gothi ni muziki wa upweke, na kundi la watu wanaoshikana mabega ni bendi ya harusi.

Na onyesho lenu la tarehe ishirini na mbili mwezi ujao linaanza saa tisa alasiri. Gothi gani inapigwa saa tisa alasiri, kwa jua la Morogoro? Unga utawatiririka mpaka muwe uji.

Mama yako, Mama Bernadeta, nilimkuta kanisani. Kweli anajivuna, anamwambia kila mtu habari za muziki wa goti. Sijasema kitu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi niko mbali.

Severini


Morogoro Mjini,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Seve,

Uji nimeucheka, na Salehe ameucheka zaidi, amesema safari hii ataongeza sukari kabisa. Barua yako nimewasomea wenzangu, isipokuwa ile sehemu ya mkono. Ile niliiruka kwa kukuonea aibu.

Umeandika vizuri kama kawaida yako. Lakini nimeisoma mara tatu na kote nimekuta unga, wanja, shuka, spika na kucha. Noti hata moja sijaikuta. Umesikiliza? Wimbo wa tatu umeusikiliza? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Hilo tu.

Kuhusu Salehe una haki nusu, sitakuficha. Yeye ni mtu wa roki tangu azaliwe. Alikuja Sanda na masolo ya gitaa marefu kama treni ya mizigo inayopita Kingolwira, unahesabu mabehewa mpaka unasinzia. Mwezi mzima namwambia punguza, acha nafasi, subiri. Alikuwa ananiitikia kwa mdomo tu.

Lakini jana kimetokea kitu ambacho sijui nikuandikieje. Tulikuwa watatu tu mazoezini, mchana, mtaa mzima uko kanisani au umelala. Salehe akaacha mbwembwe zake zote. Akanitazama, akangoja, halafu akapiga goti. Polepole, kama mtu aliyelibeba moyoni muda mrefu akawa hajui pa kulitua. Nililia, Seve, wala sikujificha. Shamsia alikuwepo, naye akalia. Nilipopata sauti nikamwambia ndiyo, ndiyo, hiki ndicho nilichokuwa nakingoja siku zote.

Mwandikie Grace kabla ya tarehe ishirini. Mengine yaliyo kati yetu siyaandiki hapa, yako kwenye wimbo wa tatu.

Naandika haraka, Abuu anapiga honi.

Yuliana


Nyandira, Mgeta,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwa Bi Yuliana,

Hongera.

Kwa hiyo amepiga goti. Mbele ya shahidi, mchana kweupe, nawe ukalia ukasema ndiyo. Sikujua kwamba siku hizi huko mjini mambo haya yanamalizwa mazoezini katikati ya nyaya za umeme. Huku kwetu bado tuna ushamba. Mtu anatuma mshenga kwa mama na mjomba wa binti, anangoja, anaitwa, anarudi, na hakuna anayechafua suruali. Mimi nilikuwa nangoja mguu wa Mzee upone ili baada ya Pasaka nitume wangu. Nimechelewa kwa kufuata utaratibu.

Unaniuliza kuhusu wimbo wa tatu. Yuliana, unataka nikae kwenye kigoda cha baba yangu nisikilize gitaa la mtu yule likikusindikiza? Sikiliza mwenyewe.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe usipate taabu ya kulitafuta kati ya mistari. Nina wivu na gitaa lake, na kiatu chake kilichokanyaga spika, na spika pia. Nina wivu na Abuu anayekuona mara mbili kwa wiki bila hata kukutaka. Tangu nilione bango lile nimelala na baridi ya huku na picha moja kichwani, mkono wenye kucha nyeusi. Wewe unaniambia watu hucheka.

Grace nimemwandikia leo. Nimemwambia Sanda hawana hata chembe ya gothi, ni roki ngumu iliyovaa shuka, asipoteze nafasi yake.

Na Mama yako nimemweleza ukweli jana, baada ya mazoezi ya kwaya. Nimemwambia si goti, Mama, ni gothi, ina h katikati, amesikia vibaya. Ni muziki wa makaburini. Bintiye anavaa sanda na kuimba habari za wafu, na wala si mchezo wa kujipaka tu, ni gothi tupu, ndani na nje. Alifunga kitabu chake cha nyimbo akatoka kabla ya wengine, na leo kwaya imeimba bila yeye.

Nilikuwa nimeombwa nisiseme. Lakini naona kila mmoja wetu ana lake aliloombwa.

Severini Tomasi


Morogoro Mjini,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Severini,

Soma polepole, maana hii ni ya mwisho.

Mama alishuka Jumamosi. Alikaa mbele kwenye Fuso kutoka Nyandira, rozari mkononi. Alifika ukumbini saa nane. Sisi tulikuwa tunajaribu vyombo, tumekwisha kujipaka, tumekwisha kuvaa. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, unga, macho meusi, mashuka. Akaniuliza, “Yuliana, nani amekufa?”

Nilitaka saruji ipasuke initie ndani. Salehe ndiye aliyekwenda. Alimwamkia shikamoo na unga wake usoni, akamletea kiti, akamwambia, “Mama, sikiliza mmoja tu. Ukisema tuzime, tunazima, na Yuliana unaondoka naye.” Mama akakaa.

Tukapiga wimbo wa tatu.

Sasa nikuambie ni wimbo gani, kwa kuwa wewe hukuujua. Ni wa Baba. Maneno yake si yangu, ni ya Mama mwenyewe, aliyoyasema siku ya arobaini wakati watu wameondoka na sufuria zimeoshwa: kiti chako nimekigeuzia ukutani, nikikigeuza tena nitakuwa nimekubali. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Nimeyabeba miaka miwili. Besi inatangulia peke yake muda mrefu, halafu sauti, na gitaa la Salehe linakuja mwisho kabisa, kwa mbali, linasindikiza.

Kwenye ubeti wa pili Mama akashuka kwenye kiti. Nilidhani ameanguka, nikataka kuacha, Shamsia akanitikisia kichwa, endelea. Mama alikuwa amepiga goti. Pale pale sakafuni, kati ya nyaya, na rozari yake. Tulimaliza wimbo akiwa bado chini. Alipoinuka akajipangusa kanga, akamwomba Shamsia maji, akanywa. Halafu akasema, “Severini ameniambia nilisikia vibaya. Sikusikia vibaya.”

Akakaa mpaka onyesho likaisha. Nyimbo za roki alizizibia masikio.

Sasa la goti lako. Nilikuandikia tangu barua ya kwanza kwamba hapa h tumeizika. Salehe alipiga gothi. Kwa gitaa. Mtu wa roki miaka yote, Jumapili ile kwa mara ya kwanza akapiga gothi, na mimi nikalia kwa sababu niliona wimbo wa Baba umepata mtu wa kuusindikiza. Salehe ana mke, naye ni Shamsia, aliyekuwa amekaa palepale na fimbo zake za ngoma. Na ule mkono uliolala nao kichwani ni wa Shamsia. Yeye ndiye anayepaka kucha. Kucha za Salehe ni fupi zenye grisi, ni fundi wa magari, uliza mtu yeyote. Kicheko ulichokuwa unakisikia kwenye simu ni cha mtu anayetaniana na mkewe.

Wivu ningekusamehe. Nisikufiche, ulipoandika una wivu hata na spika, nilicheka huku nimekasirika, na mwanamke akicheka hivyo ujue bado yuko karibu. Ila nimeziweka kauli zako mbili pamoja mezani. Grace umemwambia hatuna hata chembe ya gothi. Mama, siku moja kabla yake, ulimwambia ni gothi tupu, ndani na nje. Kila mmoja ulimchagulia lile la kuniumiza mimi. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba hukusikiliza. Mtu aliyesikiliza angekuwa na jibu moja.

Grace amechukua kundi lingine. Hilo litapita.

Pasaka nilikuwa nije, na nilikuwa na sababu ya kuja kwenu kabla ya kwenda kwetu. Siji. Ukitaka kujua sababu yenyewe usiniulize mimi. Flashi unayo.

Msalimie Mzee. Yeye hana kosa.

Yuliana


Nyandira, Mgeta,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Yuliana,

Nimesikiliza.

Flashi ilikuwa kwenye kopo la mbegu za karoti, bado imefungwa kwa ule uzi mweupe uliouzungusha. Nilikudanganya kwa kunyamaza, na sababu niliyokupa barua iliyopita haikuwa yote. Niliogopa kwamba ni nzuri. Kama ingekuwa mbaya ningekuhurumia, ningekungoja urudi. Lakini kama umeifikia gothi bila mimi, mimi ningebaki nani? Mkulima wa kabichi tu.

Wimbo wa kwanza ni roki. Wa pili ni roki, na ni mzuri, nasema bila kinyongo. Wa tatu nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kuzima, kwa kuwa hauanzi na muziki. Unaanza na wewe unakohoa kidogo kama kawaida yako kabla ya kuimba. Halafu unasema, “Seve, hii besi ni ile uliyonifundisha. Nimepiga peke yangu, hakuna mwingine humu. Tuma mshenga kabla ya Pasaka, Mama nimekwisha kumwambia, amekubali.” Ndipo besi ikaanza.

Kwa hiyo Mama Bernadeta alikuwa anajua. Siku ile nilipomsimamisha baada ya kwaya nikamwambia habari za makaburi, alikuwa anamtazama mkwewe. Nimeukumbuka uso wake na nimeshindwa kula.

Na humo hakukuwa na gitaa hata kidogo. Mwezi mzima nimeona wivu kwa gitaa ambalo halimo.

Mzee alikuwa amekaa nami, amenyoosha mguu wake, akayasikia maneno yako yote. Aliniacha mpaka wimbo ukaisha. Kisha akauliza mshenga nimemtuma nani. Akauliza tena, akidhani sijasikia. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye matuta.

Grace nimemwandikia upya. Najua nafasi imekwenda, lakini jina la Sanda nisiliache limelala na uongo wangu juu yake. Nakala naiweka humu. Ni mstari mmoja: Ni gothi, na mimi sikuwa nimesikiliza. Kesho baada ya Njia ya Msalaba nitakwenda kwa Mama yako nimwambie kwamba sikio lake ni zuri kuliko langu. Atakachonijibu nitakipokea.

Abuu ameniambia umemkataza kubeba barua zangu. Hii anaibeba bila kujua, nimeiweka chini kabisa kwenye tenga la karoti alizokutumia Mama. Usimgombeze. Huhitaji kunijibu. Nimekuandikia tu kwa sababu uliniuliza swali moja mara mbili, nami sikulijibu.

Mwandiko wangu utausamehe. Redio iko kwenye kimeza kile kifupi cha Mzee, sikutaka kuihamisha wala kuuzima wimbo, kwa hiyo barua yote nimeiandika nimepiga goti. Hili halina h.

Severini